“Amekunywa Dawa”: Maneno ya Dharura kutoka Eneo la Tukio hadi Hospitali, kwa Mfano wa Kigobe, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya maneno kutoka kinywani mwa shahidi wa ajali au wa tukio la sumu hadi kwenye karatasi ya mapokezi ya hospitali, katika jiji la Bujumbura ambako Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana ndani ya dakika chache. Hoja kuu ni kwamba taarifa ya kwanza ya dharura hutolewa na mtu asiye mtaalamu, kwa maneno ya kila siku, na kwamba baadhi ya maneno hayo, hasa dawa, sumu, kuroga, kuchomwa na kuzama, hubadilika maana yanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kamusi za tiba tulizo nazo huanza na istilahi ya mtaalamu na kuitafutia neno la Kiswahili. Huduma ya dharura inahitaji chombo kinachoanza na neno la jirani wa mgonjwa. Makala yanaeleza chombo hicho kiweje na nani akiandae.

1.0 Utangulizi

Kigobe ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura unaofahamika zaidi kwa ukumbi wa Bunge la Taifa. Kwa wahudumu wa afya jina hilo lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 2015, wakati wa msukosuko wa kisiasa, shirika la Médecins Sans Frontières lilifungua katika hospitali binafsi ya L'Arche, hapo hapo Kigobe, kituo cha kutibu majeruhi bila malipo. Kilianza kwa waliojeruhiwa katika ghasia, kisha kikapokea pia walioumia katika ajali za kawaida: walioanguka, waliogongwa barabarani, walioungua. Kwa miaka kadhaa, anayeumia vibaya mjini alikuwa na mahali panapotajwa kwa jina moja tu: Kigobe.

Kituo cha namna hiyo ni mahali pazuri pa kuitazama lugha ikifanya kazi chini ya shinikizo. Mgonjwa aliyefikishwa pale huenda aliumia Kinama, Buyenzi, Gatumba au kwenye miteremko ya barabara ya Bugarama. Aliyeshuhudia tukio alisimulia kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Madaktari na wauguzi wa Burundi husomea taaluma yao kwa Kifaransa na huandika kwa Kifaransa. Kwa hiyo kati ya jeraha na tiba kulikuwa na tafsiri, mara nyingi mbili, na hakuna mtu aliyeajiriwa kuifanya. Hali hiyo haikuwa ya Kigobe peke yake, wala haikuisha na miaka ile. Ndiyo hali ya hospitali za Bujumbura hadi leo na, kwa kubadilisha lugha moja au mbili, ndiyo hali ya Goma, ya Uvira na ya Kampala.

Nafasi ya Kiswahili nchini Burundi inahitaji maelezo mafupi. Kirundi ni lugha ya taifa na ni rasmi pamoja na Kifaransa. Kiingereza kiliongezwa kisheria mwaka 2014. Kiswahili kina makao yake ya zamani katika mtaa wa Buyenzi na katika miji ya ufukweni kama Rumonge na Nyanza-Lac, nacho ni lugha ya soko, ya bandari na ya barabara. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza. Mijadala iliyofuata uamuzi huo imehusu zaidi mabunge, nyaraka na mitaala. Makala haya yanakihamishia Kiswahili mahali ambapo kosa la tafsiri haliwezi kusahihishwa katika kikao kijacho.

2.0 Lugha tatu katika safari moja

Tuchukue tukio ambalo kila anayeijua barabara ya Bugarama analiona kuwa la kawaida. Vijana wa baiskeli hushuka mjini na mizigo ya ndizi au mkaa, na wakati wa kurudi hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima. Lori limetoka Dar es Salaam kupitia Kobero. Dereva wake hajui Kirundi. Kijana anateleza, anabingirika, kichwa kinapiga lami. Dereva anasimama na kusema kwa Kiswahili alichokiona, au alichokisikia, kwa kuwa hakuona. Wapita njia wanaongeza yao kwa Kirundi. Anayekuja na gari la wagonjwa anayakusanya yote mawili, na akifika hospitali anayatoa kwa Kifaransa cha haraka mbele ya mtu anayeandika.

Katika mlolongo huo kila mmoja ni mwaminifu. Hakuna anayesema uongo. Hata hivyo taarifa inayofika mwisho inaweza kuwa tofauti kabisa na ile iliyoanza, kwa sababu kila lugha huwalazimisha wasemaji wake kubainisha mambo fulani na kuwaruhusu kuyaacha mengine. Kiswahili kinaruhusu kusema “mguu umevunjika” bila kubainisha kama ni paja, ugoko au mahali pa kuvalia kiatu. Mkono nao waweza kuwa kuanzia begani hadi kwenye kucha. Kirundi hutofautisha ukuguru na ikirenge, ukuboko na ikiganza, na Kifaransa vivyo hivyo. Anayetafsiri “mguu” kwenda Kifaransa lazima achague, na akichagua vibaya, mfupa wa paja, ambao ukivunjika unaweza kuficha damu nyingi ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, unageuka kuwa kifundo kilichoteguka.

3.0 Dawa, sumu na kuroga

Mfano mzito zaidi ndio uliotoa kichwa cha makala. Mtu anapopiga simu na kusema “amekunywa dawa”, amesema nini?

Katika Kiswahili cha kila siku dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kufanya kazi maalumu juu ya kitu kingine. Ndiyo maana tuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya na dawa ya kupulizia mimea. Methali nayo husema dawa ya moto ni moto. Kirundi kinakubaliana kabisa: umuti ni wa mgonjwa, na umuti w'imbeba ni wa panya. Kwa mzungumzaji wa lugha hizi mbili hakuna utata wowote, kwa sababu muktadha wa nyumbani unamwambia ni chupa ipi iliyokuwa chini ya kitanda. Utata huzaliwa Kifaransa kinapoingia. Kifaransa kina neno moja la kitu anachoandika daktari na neno jingine la kitu anachonyunyizia mkulima. Anayetafsiri kwa haraka huchukua maana ya kwanza ya kamusi, na karatasi inasomeka kuwa mgonjwa ametumia “médicament”.

Tofauti hiyo ni ya uhai. Aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli anaweza kuonekana mzima siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika. Ana dawa yake ya kupinga, asetilsisteini, inayofaa zaidi ikianza mapema. Aliyekunywa kiuatilifu cha jamii ya oganofosfeti, aina ambayo imetumika sana katika kilimo cha pamba, nyanya na mboga kote katika ukanda huu, anaweza kuzama katika makohozi yake mwenyewe muda mfupi baadaye. Mate na machozi humtoka, mboni za macho husinyaa kama tundu la sindano, mapafu hujaa. Huyu anahitaji atropini, kuvuliwa nguo, kuoshwa ngozi, na wanaomhudumia wavae glavu kwa sababu sumu iliyo kwenye nguo na matapishi hupenya ngozi yao pia. Daktari mzoefu ataziona dalili na kuisahihisha karatasi. Lakini mhudumu aliye ndani ya gari, usiku, akiwa na mkoba mmoja na taa ya simu, amekwisha kumshika mgonjwa kwa mikono mitupu.

Kuna sababu ya pili inayofanya neno dawa litumike mahali pa sumu, nayo ni staha. Katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki sheria imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na hata pasipo sheria, aibu ya familia inatosha. Ndugu hawatasema mbele ya majirani kwamba binti yao amekunywa sumu. Watasema amekunywa dawa, au amekunywa dawa vibaya. Hilo ni fumbo linaloeleweka vizuri na kila msikilizaji wa Kiswahili, na lisiloeleweka kabisa likitafsiriwa neno kwa neno. Pengine kabla ya gari kufika wameshampa maziwa, kwa imani iliyoenea kwamba maziwa huua sumu. Maziwa hayaui sumu, na kwa mtu anayepoteza fahamu yanaweza kuishia mapafuni. Kwa hiyo swali “mmempa nini baada ya hapo?” lina uzito sawa na swali la kwanza.

Neno sumu lenyewe lina tatizo la upande wa pili. Linabeba nia mbaya. Kulishwa sumu ni kutendewa na adui, na anayeulizwa “amekula sumu?” husikia ndani yake swali “nani kamfanyia?”. Atakataa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki na wengine 78 wakalazwa baada ya kula nyama ya kasa. Katika nyumba kama zile, swali la sumu haliulizi kitu: watu walikula kitoweo kinachopendwa, na nani huita kitoweo sumu? Swali linalofaa ni “mmekula nini, lini, na nani wengine wamekula?”. Wauguzi wa visiwani huenda wanalijua hilo kwa uzoefu. Halijaandikwa kama kanuni ya lugha.

Kuroga ni kisa cha pekee, na nadhani ndicho kinachostahili kuangaliwa zaidi na wanaosanifu Kiswahili cha ukanda huu. Katika Kiswahili sanifu kuroga ni kudhuru kwa uchawi. Katika Kirundi, kama katika Kinyarwanda, kitenzi hicho hicho kinahusu pia kumtilia mtu sumu, na uburozi ni sumu kama ulivyo uchawi. Mrundi anayesema kwa Kiswahili “amerogwa” anaweza kuwa anatoa taarifa ya kitabibu iliyo kamili: mtu amekunywa pombe mahali fulani, tumbo likamkata saa ile ile, na anashuku kilichotiwa ndani. Msikilizaji aliyelelewa Tanga au Mombasa anasikia habari ya mganga na hirizi, na anaacha kuandika. Ng'ambo ya mto Rusizi, katika Kivu, shaka hiyo hiyo ina jina lake, karuho, ambalo nalo halijulikani Dar es Salaam. Mwaka 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi wakikimbia vita, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili cha upande ule. Maneno yao yamekwisha kuingia katika vyumba vya mapokezi, kamusi ziwe zimeyapokea au la.

Katika haya yote sarufi ya Kiswahili ina msaada wake tayari. Dawa haikai peke yake kwa muda mrefu. Inadai kihusishi cha -a. Swali fupi “dawa ya nini?” hulazimisha jibu lenye nomino ya pili: ya presha, ya panya, ya nyanya, ya kuoshea ng'ombe. Halina lawama ndani yake, halitaji sumu, halimwaibishi mtu, na linaweza kujibiwa na mtoto. Likifuatwa na “leteni chupa au mfuko wake”, karibu kazi yote imefanyika. Ningependa swali hilo la maneno matatu lifundishwe kwa kila anayepokea simu ya dharura kabla hajafundishwa istilahi yoyote.

Nimalizie sehemu hii kwa neno amelewa, ambalo limeua watu kimyakimya. Mwezi Novemba 2000 jijini Nairobi pombe haramu iliyochanganywa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Waliokuwa karibu nao waliona walevi, kama walivyozoea kuwaona. Methanoli hulevya kwanza na kuua baadaye. Kwa Bujumbura, ambako kanyanga hunywewa kwa siri, neno hilo lina hatari ya ziada: mtu aliyeanguka na kuumia kichwa, mwenye harufu ya pombe, hulazwa kando “alale ulevi umtoke”. Amelewa ni utambuzi wa ugonjwa uliofanywa na jirani. Karatasi ya dharura ingepaswa kuliandika kama dai, likiambatana na maswali mawili: haoni vizuri? ameanguka?

4.0 Jeraha, damu na pumzi

Kitenzi kuchoma katika kauli ya kutendwa kinastahili mjadala wake. “Mtoto amechomwa” huweza kuwa moto, maji ya moto, kisu, mwiba au sindano. Kwa Kifaransa, na kwa utaratibu wa tiba, hizo ni njia zinazotofautiana kabisa: aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa takriban dakika 20 na kufunikwa, aliyechomwa kisu kifuani hubanwa jeraha na kukimbizwa, na kisu kikiwa bado kimo hakichomolewi. Hapa tena wasemaji wana tiba yao. Kiswahili kina kuungua kwa moto, na anayepokea simu akirudia kwa kuuliza “ameungua au amechomwa na kitu chenye ncha?” atajibiwa bila kusita.

Upande wa damu lugha yetu ni tajiri kuliko fomu zetu. Fomu nyingi huuliza kama kuna “kutokwa na damu”, ndiyo au hapana. Mswahili ana damu inayotona, inayochuruzika, inayobubujika, na inayoruka. Vitenzi hivyo vinne ni kipimo cha ukali ambacho mtu yeyote aliyewahi kuchinja kuku anakimiliki. Damu inayoruka kwa mapigo imetoka kwenye mshipa mkubwa, na hapo aliye karibu aambiwe akandamize kwa nguvu na asiachie, kama ni kwenye mguu au mkono afunge juu ya jeraha kwa mkanda mpana na kukaza. Sioni sababu ya kutafuta istilahi mpya kwa jambo ambalo vitenzi vya jikoni vinalieleza kwa usahihi huu.

Vivyo hivyo pumzi. Kuhema, kutweta, kukoroma na kukata pumzi ni hali nne tofauti. Kati yake, kukoroma ndiko kunakopotosha. Mtu aliyeumia kichwa au aliyemeza sumu akikoroma, walio karibu hupumua kwa faraja wakisema amelala. Ukweli ni kwamba ulimi au matapishi yanaiziba njia ya hewa, au moyo umesimama na hizo ni pumzi za mwisho. Swali “anapumua?” hujibiwa “ndiyo, anakoroma”, na simu inakatwa. Mpokeaji simu anapaswa kulisikia neno hilo kama kengele.

Kuhusu fahamu kuna suala ambalo watafiti wa lugha hawajalitazama vya kutosha. Hospitali nyingi duniani hutumia kipimo kilichobuniwa jijini Glasgow mwaka 1974 na Teasdale na Jennett. Kinapima macho, mwili na usemi. Usemi una alama 5. Anayejibu kwa ufasaha na kujua alipo hupata 5, aliyechanganyikiwa 4, anayetoa maneno yasiyo na mpangilio 3, anayetoa sauti tu 2. Jumla ya alama zote ikiwa 8 au chini, mgonjwa huhesabiwa kuwa mahututi. Sasa mchukue mvuvi wa Kigoma aliyepigwa na mlingoti, anayelalamika kwa Kiha, mbele ya mpimaji anayejua Kifaransa na Kiswahili cha darasani. Ni alama 4, 3, au 2? Mrundi aliye karibu angemwelewa, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Alama ya usemi, kwa hiyo, inampima mpimaji pia. Kanuni rahisi ingekuwa kuandika kando ya alama lugha iliyotumika kupima, kama tunavyoandika saa. Ningeongeza usemi wa Kiswahili “amekata kauli”, ambao kwa mgonjwa una maana sahihi kabisa ya kupoteza uwezo wa kusema, na ambao mgeni wa lugha ataufahamu kuwa ameamua jambo.

5.0 Maji, radi na wanyama

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishusha mafuriko na matope juu ya mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ikiwamo Kamenge na Kinama, na zaidi ya watu 60 wakafariki. Katika miaka ya karibuni Gatumba nayo imefurikwa mara kwa mara na mto Rusizi na kupanda kwa Ziwa Tanganyika. Katika matukio hayo kitenzi kikuu ni kuzama, na wenzake ni kufa maji. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2002 walikubaliana kwamba kuzama ni tukio la kushindwa kupumua kwa sababu ya kuwa majini, na kwamba matokeo yake yaweza kuwa kifo, madhara, au kupona. Kiswahili cha wavuvi kinaenda kinyume: aliyeokolewa “amekunywa maji tu”, na hapelekwi hospitali, ingawa mapafu yake yanaweza kuharibika saa chache baadaye. Kwa upande mwingine, “wamezama” husikika kama tangazo la msiba. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 zaidi ya watu 200 walikufa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo. Kuzama ni hali ya mtu kuwapo majini; si taarifa ya kifo, na mafunzo ya uokoaji yanapaswa kuilinda tofauti hiyo.

Radi na umeme wa waya huchanganywa katika neno moja, umeme, na hapo swali la usalama ni moja: waya bado una nguvu? Aliyepigwa na radi anaweza kuguswa mara moja. Aliyeshikwa na waya hawezi. Inzoka ya Kirundi ni nyoka na pia ni minyoo ya tumboni, kwa hiyo mtoto “mwenye inzoka” hajaumwa lazima, na aliyeumwa asichukuliwe kuwa anahitaji vidonge. Na kwa kuwa viboko hutoka ziwani usiku na kutembea ufukweni mwa Bujumbura, ni vyema mgeni wa lugha ajue kwamba aliyepigwa kiboko na aliyepigwa na kiboko hawalazwi wodi moja.

6.0 Chombo kinachohitajika

Hatuanzi mikono mitupu. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba, na BAKITA na BAKIZA wamesanifu istilahi kwa miongo. Kazi hizo zina mwelekeo mmoja: mtaalamu ana neno la kigeni, naye anatafuta la Kiswahili. Zinamfaa mwandishi wa kitabu cha kiada. Dharura ina mwelekeo mwingine, kwani neno la kwanza ni la jirani, na mtaalamu ndiye anayetakiwa kulifasiri. Kidahizo kinachohitajika ni “amekunywa dawa”, na maelezo yake yawe ni maswali ya kuuliza na hatua za kuchukua, pamoja na visawe vyake vya Buyenzi, Uvira na Kigoma.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura, inayofuata mpangilio wa herufi tano za kwanza za alfabeti ya Kiingereza: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, na kumfunua mgonjwa. Mpangilio ni wa busara. Herufi hazimsaidii asiyejua Kiingereza. Napendekeza wakufunzi wajaribu maneno matano yanayofuata mpangilio ule ule: koo, kifua, damu, fahamu, ngozi. Hayahitaji ufafanuzi, na karibu yote yanaonyeshwa kwa kidole.

Pendekezo la pili ni la karatasi. Fomu ya kumkabidhi mgonjwa iwe na mstari mmoja wa kuandika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia, kabla ya tafsiri yoyote. Mstari huo haugharimu kitu. Daktari asiyejua Kirundi akiona “umuti” au “amerogwa” atamwita muuguzi aliye karibu. Akiona neno la Kifaransa lililochaguliwa na mwingine hatamwita mtu.

La tatu ni la majina ya wahudumu wenyewe. Umuganga wa Kirundi ni daktari wa hospitali. Mganga wa Kiswahili cha pwani, ingawa serikali za Tanzania zina Mganga Mkuu, kwa wengi ni wa mitishamba kwanza. Tabibu ana cheo chake Tanzania. Mtu wa gari la wagonjwa hana jina linalotambulika kote, na asiye na jina hana kada, mtaala wala mshahara katika jedwali la serikali. Mhudumu wa dharura linaelezeka kwa wote. Baraza la Mawaziri la Jumuiya likilikubali, wizara za afya zitakuwa na pa kuanzia.

Kazi ya kuandaa faharasa hiyo inaifaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na wizara za afya na wanaisimu wa Kirundi, si wa Kiswahili pekee. Kila kidahizo kijaribiwe kwa simu za mazoezi kati ya mzungumzaji wa Buyenzi, wa Uvira na wa Kigoma kabla ya kuchapishwa. Neno ambalo watatu hao wamelielewa tofauti lisifutwe. Liwekewe swali lake la kufafanulia, na swali hilo ndilo lichapwe kwa herufi nene, kwa ukubwa unaosomeka kwa taa ya simu ndani ya gari linalokwenda.